Shangazi Alivyoshtakiwa kwa Kuiba Kizibo Chake

Barua ilimtaka shangazi yangu aache mara moja kuiba kitu alichokibuni yeye mwenyewe.

Sitanii.

Kurasa mbili, karatasi nzito, muhuri wa bluu. Shangazi aliisoma akiwa amesimama katikati ya karakana yake, mikono imejaa grisi, mota iliyopasuliwa tumbo imelala mezani. Akaisoma tena. Kisha akaninyooshea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya.

"Msomi, hebu isome wewe. Labda macho yangu yananitania."

Nikasoma. Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Ngoja niwaeleze kwanza, la sivyo mtadhani naokota maneno.

Shangazi ni fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu ya maji ikiungua, anaifungua, anatoa nyaya zilizoungua na kusuka mpya. Kazi ipo tele, lakini ilikuwa inamkera. Pampu nyingi huungua kwa sababu ileile: maji yanaisha kisimani, mwenye pampu hayupo, pampu inaendelea kuzunguka kavu mpaka inanuka.

"Nimechoka kutibu ugonjwa mmoja kila siku," alisema.

Basi akaanza kuchemsha nta pamoja na vanishi ya mota kwenye kopo la rangi. Miezi minane! Chai ya nyumbani ilikuwa na ladha ya vanishi. Mjomba, mume wake, akahamishia kiti chake nje na hakurudi ndani mpaka msimu ulipobadilika.

Kilichozaliwa ni kibomba cha shaba, saizi ya kifuniko cha rangi ya mdomo. Ndani kuna springi iliyobanwa na ile nta. Mota ikipata joto kupita kiasi, nta inalainika, springi inafyatuka, umeme unakatika. Mota ikipoa, unabonyeza kwa kidole, nta inashika, kazi inaendelea. Hakuna betri wala kompyuta ndani yake.

Akakiita kizibo. Akaanza kukifunga kwenye kila mota inayopita mikononi mwake.

Sasa barua ilikuwa inasema kwamba kiwanda kimoja cha pampu kimeomba hataza ya kifaa hicho. Hataza ni ile hati ya serikali inayotamka kuwa wazo hili ni la fulani, wengine kaeni mbali. Mvumbuzi aliyetajwa ni injinia wa kiwandani humo. Ikishatoka tu, shangazi marufuku kutengeneza kizibo. Kama anapinga, apeleke pingamizi ndani ya siku sitini.

"Tunapinga," nikasema.

"Mimi na nani?"

"Wewe na mimi. Wewe una akili, mimi nina stashahada ya umeme na mdomo."

Niliandika kurasa tisa. Nilipomaliza nikajisomea kwa sauti, nikajipenda.

* * *

Ofisi ya hataza ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekata tamaa zamani. Tulifika juu tunahema kama tumefukuzwa.

Kwenye benchi la kusubiri alikaa mzee mmoja amepakata kitu kilichofunikwa koti. Nikachungulia kidogo tu.

"Binti, geuka huko!" akanikemea.

"Samahani mzee. Nilidhani ni mtoto."

"Ni kigae cha paa. Cha plastiki na mchanga. Na sasa umeshanifanya niseme!" Akalivuta koti, akalizungushia mara mbili, akanipa mgongo.

Nikamcheka kimoyomoyo. Mtu anaficha kigae kama kafumaniwa nacho! Subirini, mtaona nani alistahili kuchekwa.

Tukaitwa ndani. Mkaguzi wa hataza alikuwa mama mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, mbele yake bunda la karatasi lenye vibandiko vya rangi. Upande wa pili wa meza alikaa injinia na wakili wake. Injinia alikuwa na kucha safi kuliko za bibi harusi. Shangazi aliziangalia, kisha akaninong'oneza, "Huyu Mikono Safi ndiye aliyechemsha nta?"

Jina likakaa.

Mkaguzi akavaa miwani, akainua mchoro. "Injinia, nina swali dogo. Springi yako inazunguka kuelekea kushoto. Springi nyingi nilizowahi kuziona zinazunguka kulia. Kuna sababu?"

Mikono Safi akajiweka sawa. "Mheshimiwa, hapo ndipo ulipo moyo wa uvumbuzi wangu. Mzunguko wa kushoto unapambana na nguvu za usumaku za mota. Nilifanya utafiti wa muda mrefu sana. Ungezunguka kulia, kifaa kisingefanya kazi."

Shangazi akaguna. Kisha akacheka. Kisha akashindwa kujizuia.

"Kuna nini, mama?" mkaguzi akauliza.

"Mheshimiwa, naomba waya."

Hakungoja. Akatoa kipande cha waya kwenye mkoba wake, akakizungusha kwenye kalamu ya mkaguzi, chap chap, kwa mkono wa kushoto. Akakivua. Springi. Imezunguka kushoto.

"Mimi ni mashoto tu, mwanangu," akamwambia injinia kwa upole uliozidi tusi. "Usumaku hauna habari na wewe."

Karani aliyekuwa anaandika akafunika mdomo kwa daftari. Mimi nilishaanza kushangilia kichwani. Kwisha habari yao!

Kumbe bado.

Wakili wa kiwanda akasimama. "Mheshimiwa, mashoto wako wengi duniani. Mteja wangu hajawahi kukanyaga karakana ya mama huyu. Na ushahidi wake uko wapi? Wateja wake ni rafiki zake. Kizibo kimezibwa pande zote, hakuna mteja aliyewahi kuona kilichomo. Anacho chochote chenye tarehe?"

Mkaguzi akavua miwani. "Mama, hilo ni swali la haki. Una kitu chochote chenye tarehe, kinachoonyesha umbo la ndani?"

Shangazi akanigeukia. Na mimi nikakwepa macho yake, nikainamia kurasa zangu tisa.

Kwa sababu nilikuwa nacho.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni, naandika mambo ya ufundi kwa Kiswahili. Nilikuwa na hasira na watu wanaodai lugha yetu haiwezi kueleza kitu chenye waya. Basi siku moja nikaandika makala kuhusu kizibo. Nikaweka kila kitu. Vipimo vya nta na vanishi, urefu wa springi, hatua kwa hatua, picha za mkono wa shangazi unavyosokota. Hata mtoto angeweza kukitengeneza. Nikaona nimewakomesha.

Shangazi sikumwambia. Nilitaka kumfanyia mshangao siku makala ikipata umaarufu. Baadaye nikapata kazi, nikausahau ukurasa wenyewe pamoja na nywila yake, mpaka swali la mkaguzi liliponikumbusha.

"Kabla hujajibu," mkaguzi akasema, akimwangalia shangazi, "nikwambie ukweli ili usije ukanilaumu. Hataza hutolewa kwa kitu ambacho umma haujakiona. Mvumbuzi akikianika mwenyewe, sheria inampa mwaka mmoja wa kuleta ombi. Mwaka ukipita, basi. Kwa hiyo ukinipa kitu cha zamani kilichokuwa wazi kwa watu, nitalikataa ombi la injinia. Lakini na wewe hutaweza kuomba. Kizibo kitakuwa cha kila mtu. Nawapa dakika kumi."

* * *

Kwenye korido nilisimama mbele ya shangazi kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Shangazi, nimekuharibia."

Nikamweleza. Sikupunguza hata nukta.

Kabla hajasema neno, Mikono Safi akatokea, peke yake, anatabasamu.

"Mama, tusifike mbali. Ondoeni pingamizi, tuandike majina mawili kwenye hataza. Lako na langu. Utatengeneza kizibo kwa raha zako."

"Jina la nani litakuwa juu?"

"Ah... tutafuata herufi."

"Lako linaanza na herufi gani?"

Akakohoa. "A."

"Nilijua. Tupishe kidogo, mwanangu."

Alipoondoka, shangazi akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Nikaifungua makala, nikampa. Nilijua alichokuwa ananyang'anywa, na kwamba aliyekuwa anamnyang'anya ni mimi. Kwa miaka yote ile alikuwa na ndoto moja: hati yenye jina lake, aitundike ukutani juu ya meza ya kusukia mota. Sasa hati ilikuwa hatua tano kutoka alipo. Nusu hati, sawa, lakini hati. Akinyamaza tu, anaipata.

Akasoma makala yangu yote. Akashuka chini kwenye maoni. Yalikuwa mia moja na kitu, mengine sikuwahi kuyaona. Mafundi kutoka kila pembe wameweka picha za vizibo vyao. Kuna aliyekifunga kwenye mashine ya kusaga. Kuna mama aliyekifunga kwenye mota ya cherehani.

"Huyu katumia bomba la antena!" shangazi akasema, uso unaanza kufunguka. "Mjinga mwenye akili. Na huyu kajaza nta nyingi, mwambie apunguze."

"Shangazi, dakika zinaisha."

Akashusha simu.

"Nikikubali majina mawili, hawa wote wanakuwa nani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Wanakuwa wezi. Wataletewa barua yenye muhuri wa bluu kama mimi. Na chini kuna jina langu." Akajifuta machozi mawili kwa kiwiko, kwa sababu fundi hajifuti uso kwa mkono. "Twende ndani. Ila wewe, nyumbani tutaongea."

* * *

Mkaguzi alisoma makala kimya. Mara mbili akatikisa kichwa kukubali.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Mtu yeyote wa fani akiisoma anaweza kukitengeneza. Kwa bahati mbaya, hicho ndicho kipimo chenyewe cha sheria."

Sifa tamu kuliko zote nilizowahi kupewa kwa maandishi yangu, na ndiyo iliyomzika shangazi.

Lakini mkaguzi ni mtu anayesoma mpaka chini. Akaendelea kuteremka kwenye maoni. Ghafla kidole kikasimama.

"Injinia, wakili wako alisema hujawahi kukanyaga karakana ya mama huyu. Na kizibo chake, hujawahi kukiona popote?"

"Kamwe, Mheshimiwa."

"Na huyu ni nani?"

Akageuza simu. Picha ndogo ya mtu amevaa miwani ya jua, ameegemea gari. Jina lake kamili pembeni. Na maoni yake, ya miaka mitatu iliyopita:

"Asante sana dada, elimu safi kabisa. Nilisoma mara moja tu nikaelewa. Endelea kutupa vitu!"

Wakili wake akafunga jalada taratibu, akasogeza kiti mbali naye kiasi cha shibiri moja.

Mnajua mimi nilimjibu nini wakati ule? Liko palepale chini ya maoni yake. Nilimwandikia: "Karibu sana kaka, hii ni yetu sote."

Karani safari hii hakujisumbua hata kutafuta daftari. Alicheka wazi.

* * *

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu. Ombi limekataliwa. Mafundi wote huru, kiwanda huru, shangazi huru. Hakuna mwenye hataza ya kizibo, na hatakuwepo milele.

Nilimsomea nikiwa na aibu, harakaharaka, nimalize. Akanisimamisha.

"Rudia hapo katikati."

Nikarudia. Kwamba kifaa hicho kilikuwa kimejulikana kwa umma kabla ya ombi, "kama kilivyobuniwa na" fundi fulani. Na fundi huyo ni shangazi. Majina yake matatu, hakuna herufi iliyokosewa, pamoja na jina la karakana na neno mvumbuzi.

Alikaa. Akayafuata majina yake kwa kidole, polepole, akaacha alama ya grisi kwenye karatasi ya serikali.

"Si hataza," akasema.

"Si hataza, shangazi."

"Lakini ni karatasi, na ina muhuri."

Mjomba akatafutiwa nyundo na msumari.

Sasa nyie mnaosoma hapa, mafundi, wanafunzi, na nyie mnaohangaika kulehemu nyaya nyuma ya nyumba: furaha yenu ikiwajaa kifuani, ivumilieni kwanza. Pelekeni ombi, pokeeni risiti, ndipo mtangaze kwa sauti mnayotaka. Mimi niliona napigania heshima ya shangazi na ya lugha yangu kwa pamoja. Lugha ilishinda. Shangazi ndiye aliyelipia.

Jana nilipita karakana kumsalimia. Pembeni ya meza kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka, kinatoa mlio mdogo wa kubofya.

"Shikamoo shangazi. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Toka."

"Aa, shangazi, mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana nakwambia kwa upole. Toka, na huo mdomo wako uende nao."

Nikatoka. Niliona kidogo kabla ya kutoka, tena niliona vya kutosha kabisa kuwaelezea.

Siwaambii.