Kireno Changu cha Sokoni

Meneja alinikuta ghorofa ya tatu nikibadilisha mashuka, akaniambia nikimaliza chumba kile nishuke ofisini. Hakuwahi kuniita ofisini. Chumba kile nilikimaliza vibaya. Shuka nililitandika nje ndani, nikalitoa, nikalitandika tena vilevile, na taulo za mgeni nikaziacha kwenye toroli.

Hoteli yetu ilikuwa ndogo, mtaa wa nyuma pale Al Mankhool, Dubai, na siku zile wote tulijua imeuzwa. Tuliulizana kwa macho tu nani atabaki.

"Usafi naipa kampuni ya nje," meneja aliniambia. Alikuwa Mhindi mpole asiyependa kuzungusha maneno. "Viza yako inaisha mwezi ujao. Kwa kazi ya usafi siwezi kukuongezea."

"Sawa, sir," nikasema.

"Ngoja. Ulipokuja uliniambia unajua Kireno. Kweli?"

"Kweli, sir."

"Wageni wa Angola ndio wanaotulisha, na pale mapokezi hakuna hata mmoja anayewaelewa. Tajiri mpya analeta madam kutoka Lisbon, afundishe watu wa mapokezi. Atakusikiliza wiki hiyo yote. Akisema unafaa, unabaki. Akisema hufai, khalas."

Nilipanda ngazi kurudi kwenye toroli langu. Nyumbani nilikuwa na wadogo zangu wawili, wa kike chuo cha uuguzi, wa kiume sekondari, na karo zao zote zilitoka kwenye toroli lile. Nikirudishwa, wote wawili wanatoka shule. Hilo halikuhitaji hesabu.

Niseme Kireno nilikipata wapi, maana hofu yangu yote ilianzia hapo. Kwetu ni Newala. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye wa kwanza. Mjomba wetu alikuwa na kibanda cha vyombo upande wa pili wa Ruvuma, Msumbiji, akatuchukua. Wadogo zangu wakaingia shule ya huko. Mimi nikaingia kibandani. Hakuna aliyenilazimisha, alitakiwa mtu wa kukaa na vyombo mjomba akienda kununua mzigo, na mimi ndiye niliyefikia kimo cha kuonekana juu ya masufuria.

Pale sokoni Kimakonde kilitosha, na Kimwani, ambacho Mswahili hapati tabu nacho. Lakini manesi, walimu na askari walinunua kwa Kireno. Nikaanza kukiokota. Vipande vingine nilikuwa navyo tayari bila kujua: wakisema meza, naelewa meza, wakisema bendera, naelewa bendera. Mengine niliyapata kwa kukosea mbele ya wateja. Tuliporudi Newala nikiwa kijana, niliweza kwa Kireno kupatana bei, kuapa, kutania na kumpa pole aliyefiwa. Sikuwahi kukiona kitabuni. Mtu akiniuliza kama nakijua, nilisema ndiyo, nikiomba asiniulize zaidi.

Dubai ndiyo iliyonizidishia wasiwasi. Nilidhani Kireno ni kimoja, kile cha kwa mjomba. Nikiwa na ufagio koridoni nikasikia Wabrazili wakiongea kama wanaimba, kila irabu wanaifungulia mlango. Nikasikia Wareno wenyewe, wale wa Lisbon na miji yao, wakizimeza irabu hizohizo hadi sentensi nzima inapita kama shh, shh, shh. Waangola walikuwa karibu nami, wanatamka kwa uzito, wanapachika maneno ya kwao katikati bila kuomba ruhusa. Mpishi wetu alikuwa Mgoa, na bibi yake, alivyonieleza, alisali kwa Kireno hadi kufa. Yeye mwenyewe alibaki na sala moja tu, ambayo hakujua maana yake. Wote hao wakisema ni Kireno. Sasa mimi, wa masufuria, nitasimama wapi?

Nikafanya kosa ambalo nadhani aliyesomea lugha asingelifanya. Nikaamua kuwa Kireno changu ni cha kimaskini, na kilicho kizuri ni kile cha tamthilia za Brazili. Nikazitazama kwenye simu kila jioni kitandani, kwenye chumba chetu cha watu sita kule Rashidiya, nikirudia maneno ya wale matajiri wenye farasi.

Kitanda cha juu yangu alilala Mkenya kutoka Kitale, mlinzi wa mlango wa hoteli yetuyetu. Aliinamisha kichwa akanitazama.

"Wee, kwani umesajiliwa timu gani?"

"Timu gani tena?"

"Si unaongea kama mchezaji wa mpira akihojiwa. Nasikia tu lá lá lá."

"Hiki ndicho Kireno safi, bro. Madam anakuja Jumapili."

"Madam ametoka Brazil?"

"Ametoka Lisbon."

"Sasa!" Akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Ni kama mimi niende interview ya Kiswahili Zanzibar nikiongea kama Mkongo. Kile chako cha kugombana na wale wamama wa Angola wa mizigo kimeenda wapi? Hicho ndicho najua unajua."

Nilikasirika, nikampa mgongo. Nilikasirika kwa sababu na mimi nilikuwa nimelifikiria hilo, na sikutaka kulisikia kwa mtu mwingine.

Madam alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, miwani inaning'inia kifuani. Alinikaribisha kwenye chumba cha chai baada ya wageni kumaliza kifungua kinywa. Nilivaa shati la yule Mkenya. Nikaingia, nikainama kidogo, nikashika mikono yangu miwili mbele kama tulivyofundishwa kumwamkia mkubwa, nikasema kwa Kibrazili changu chote: habari ya asubuhi, mamã.

Msumbiji huwezi kumwita mwanamke mzima namna nyingine ukataka akupende. Mamã anayeuza ndizi, mamã wa hospitali, mamã mke wa mkuu wa askari. Waangola vilevile. Ni sawasawa na sisi tunavyosema mama.

Yule madam aliweka kikombe chini. "Nina mtoto mmoja," alisema taratibu ili nimwelewe. "Yuko Lisbon. Na yeye ananiita kwa jina langu."

Sikujua kama ni utani. Nikaomba radhi.

"Mama ni neno la nyumbani," akaendelea. "Hapa kila mwanamke ni senhora, hata akiwa na umri wa bibi yako. Mgeni hakuja kutafuta mtoto wa kulea. Na huyo Mbrazili aliye ndani yako, mwambie akapumzike. Kireno umejifunzia wapi?"

"Msumbiji. Sokoni."

"Basi niletee hicho cha sokoni."

Kisha akaongea kwa kasi yake ya kawaida, na nikapotea. Irabu zikamezwa, yakabaki mashina ya maneno. Alipomaliza nilijibu ndiyo. Akauliza tena jambo jingine, nikajibu ndiyo tena, kwa sauti ya mtu anayejua. Akashika birika, akarudia taratibu.

"Nimekuuliza unataka chai au kahawa."

Huyo hakunicheka, na ingekuwa nafuu angenicheka. Alinimiminia chai akaniambia jambo moja ambalo sikulipenda wakati ule: kwamba mtu wa mapokezi anayejibu ndiyo bila kuelewa ni hatari kuliko asiyejua lugha kabisa, kwa kuwa mgeni ataambiwa ndege yake ni kesho kumbe ni leo.

Siku zilizofuata nilikaa nyuma ya kaunta, madam kwenye sofa ya pale mlangoni na kahawa yake, akisikiliza. Nilisema senhora hadi ulimi ukazoea. Senhora, karibu. Senhora, pasi yako tafadhali. Wareno wawili waliokuja waliniitikia vizuri. Jioni nikiwa kwenye metro kurudi Rashidiya nilikuwa nayarudia maneno kimya kimya, na mdogo wangu wa kike akinitumia ujumbe, "Kaka, vipi huko?" namjibu "Salama." Sikutaka asome na hofu yangu juu yake.

Siku moja kabla madam hajaondoka, ndege ya Luanda ilileta wale wamama wa biashara. Walikuja kila baada ya miezi michache kununua nguo na nywele za bandia Deira, na marobota yao yaliziba korido hadi tukawa tunapita ubavu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Huyo alinijua tangu nilipokuwa na toroli. Aliniita filho, mwanangu. Alipojua sina wazazi hakusema pole na kuondoka. Safari iliyofuata alinibebea unga wa muhogo kwenye sanduku lake, akanikabidhi koridoni mbele ya wageni, akiniuliza kwa nini nimekonda.

Aliingia akatanua mikono. Macho yangu yalikwenda kwenye sofa. Madam alikuwa ameinua miwani.

"Habari ya asubuhi, senhora," nikasema. "Karibu tena hotelini kwetu. Naomba pasi yako."

Mikono yake ikabaki hewani. Akaishusha polepole.

"Senhora?" akasema. "Nani huyo senhora?" Akageuka kutazama nyuma yake kama anamtafuta. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Nimekukosea nini?"

"Hapana, senhora, ni utaratibu."

"Utaratibu! Wamemvalisha tai mtoto, sasa hanijui." Akautupia mkoba wake begani. "Twendeni. Wametuchoka hapa. Kuna hoteli kule Al Baraha, karibu na maduka yetu, na hatuhitaji kuitwa senhora na watoto wetu."

Hakuwa anatania. Dereva wa teksi alikuwa bado anashusha mabegi yao, akamwashiria ayarudishe. Nyuma yao walikuwa wamesimama mume na mke wa Kibrazili na masanduku yao, wamechoka na safari. Mkenya mlangoni alinikodolea macho. Nikiwaacha waondoke, nimeipotezea hoteli wageni walioniweka pale. Nikimwita mamã, nimevunja sharti mbele ya aliyelitoa, na kesho ndiyo siku yake ya kusema ninafaa au sifai. Nilitafuta njia ya tatu. Sikuiona.

Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikamfuata, nikainama, nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Mamã, nisamehe. Umesafirije? Nyumbani umewaachaje?"

"Goti linaniuma," akasema, bado amenuna. "Na mjukuu ameota meno."

"Ameota mangapi?"

"Mawili. Anamng'ata kila mtu." Hapo akacheka, akanipiga kofi la bega, na wenzake wakaanza kunieleza kila mmoja ya kwao, kwa pamoja. Sikuweza kuwakatiza. Ukishauliza habari za nyumbani huwezi kusema zimetosha. Nilijua Wabrazili wanasubiri. Niliuona uso wa yule mume ukibadilika. Niliendelea kusikiliza habari za goti na meno.

Nilipogeuka, madam alikuwa amesimama nyuma ya kaunta yangu, anawaandikisha Wabrazili yeye mwenyewe, anacheka nao kwa kile Kireno chake cha kumeza irabu, nao wanamjibu kwa kuimba.

Wageni walipopanda vyumbani aliniita sofani.

"Umewaacha watu wawili wamesimama," alisema. "Mwanamke yule ana mimba. Uliona?"

Sikuwa nimeona.

"Hapana, senhora."

"Na wale wengine wangeondoka. Nimesikia." Akavua miwani akaifuta. "Kweli zote mbili zipo, na mimi sina dawa yake. Luanda sijawahi kufika. Mimi nilifundishwa kwamba heshima ni umbali. Yule bibi kafundishwa vingine."

Hakusema ninafaa. Niliogopa kumuuliza. Usiku ule sikula, na yule Mkenya hakunitania. Alinisogezea sahani ya chapati, nikairudisha.

Kesho yake madam na meneja walizungumza kwa Kiingereza nyuma ya kioo, kwa muda mrefu. Nilisimama mapokezi nikipanga kalamu. Meneja alitoka, akaja hadi kaunta.

"Zamu ya asubuhi, ndege za Angola na Msumbiji zinapofika, ni yako," alisema. "Wabrazili na Wareno nitawatafutia mtu mwingine. Madam anasema masikio yako bado. Anasema utawajibu ndiyo." Akatazama saa. "Viza naongeza. Yalla, kapeleke pasi yako kwa mhasibu."

Nusu ya kazi, basi. Nilitoka nje mtaani, jua kali, nikampigia mdogo wangu.

"Kaka! Umefaulu?"

"Wamenibakiza."

"Ndiyo kufaulu huko, au?"

"Soma wewe," nikamwambia. "Mengine niachie." Alicheka, akakata simu kwa sababu alikuwa anaingia darasani.

Mtu wa Wabrazili na Wareno hakupatikana upesi. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu simu ililia, na aliyepiga alikuwa mzee anayeongea Kireno ambacho sijawahi kukisikia, cha visiwa fulani vya Ureno vya mbali baharini, kama nilivyokuja kuambiwa. Hakikuwa cha kuimba wala cha kumeza, kilikuwa kama kinatafunwa. Alimaliza sentensi ndefu akasubiri. Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikakishika kiti kwa mkono mmoja.

"Samahani, senhor," nikasema. "Sijakuelewa. Naomba urudie, polepole."

Mzee alikohoa kidogo. Kisha akaanza tena tangu mwanzo.