Kopo la Mama na Onyo la Nabii

Siku hizi nafanya kazi hotelini Diani, lakini Jumapili nikipata ruhusa narudi Mkongani kumsikia mama yangu. Yeye ni msomaji wa Neno katika kanisa letu la mabati, na nasema bila haya: hapana anayemfikia. Wengine husoma maonyo ya manabii kana kwamba wanatangaza mkutano wa maji. Mama akisoma kwamba Mungu anakuja kuhukumu, hata wewe uliyekaa nyuma unaitazama mikono yako.

Mwaka juzi, Jumapili ya mavuno, alipangiwa kumsoma yule nabii mchunga kondoo, anayewafokea wauza nafaka wenye kipimo pungufu. Wauza nafaka! Nusu ya kwaya yetu huuza mahindi na pojo sokoni, na kila mmoja ana kopo lake la kupimia, limebonyezwa kitako kwa jiwe ili lichukue kidogo. Mnunuzi akiliona limejaa mpaka juu anaridhika, anakwenda zake. Ndio uliokuwa mtindo wetu, wala hakuna aliyeuita wizi.

Kopo la mama lilikuwa zima. Nililibonyeza mimi. Nilikuwa nimemaliza shule, mama akaniachia meza yake ya sokoni kwa sababu ya goti lake, nami nikajiona mjanja. Miezi mitatu nilipima nalo, naye hana habari.

Jumamosi mchana akaja nyumbani mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, jirani yetu wa meza sokoni.

"Dada, kesho si sikukuu? Tusomee ya baraka bwana. Hayo ya hukumu yatawachoma watu."

"Sikuyaandika mimi," mama akamjibu. "Wewe yanakuchoma wapi?"

Mgeni akacheka, cheko la kukereka. "Haya. Ila kabla hujatusomea sisi, hebu ligeuze kopo lako."

Mama akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye lile bonyeo, polepole, kama anayegusa kidonda cha mtoto. Mwenzake akaaga akaondoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Umelifanya wewe?"

"Kila mtu anafanya, mama."

"Sikukuuliza kila mtu."

Akaagiza nyundo, akalinyoosha mwenyewe. Nilimsihi aseme anaumwa, asome mwingine, maana yule mwenyekiti angemuumbua mbele ya watu, na jina lake jema la miaka yote lingeishia pale. Aligonga tu, ngo ngo ngo, mpaka kitako kikakaa sawa.

Kesho yake alisoma yote, hakuruka mstari. Kisha akalitoa kopo kwenye mkoba wake, akaliweka juu ya meza mbele ya kanisa zima.

"Kopo langu limekuwa likipunja watu kwa miezi mitatu," akasema. "Onyo hili ni langu kwanza. Aliyenunua kwangu, aje kesho nimjazie."

Nilingoja aseme "binti yangu". Hakusema. Hata jicho hakunitupia. Wallahi, sijawahi kumwona mtu mkubwa kuliko mama yangu siku ile, na goti lake bovu! Yule mwenyekiti alikuwa akikunjakunja leso yake.

Jumatatu tukaenda sokoni sote wawili. Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, anayenunua pojo kwa mama tangu mimi nabebwa mgongoni. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mama, sauti imemshuka. "Mama, nimekuamini miaka yote hii. Kumbe ulikuwa ukinipunja?"

Mama akainamisha kichwa. Nikaona kwamba hata hilo angelimeza, alichukue aende nalo kaburini, mimi nibaki safi. Moyo ukanijaa, nikashindwa kuvumilia.

"Si yeye, baba!" nikasema, na meza zote za jirani zikasikia. "Nililibonyeza mimi. Mama hakujua. Nisamehe."

Mzee akanitazama, kisha akamtazama mama. Mama alikuwa ameinua kichwa. Machozi yalimlenga, lakini alikuwa akitabasamu, na hakujali nani anamwona. Akalisukuma kopo mpaka kwenye mkono wangu.

"Basi mpimie wewe," akasema.