Miguu Yangu Hailali, Mke wa Mtu Anafukuzwa

Ndugu wasomaji, msihangaike kutafuta jina langu. Nimemwomba mwenye ukurasa huu alifiche, na la kijiji changu pia. Jueni tu ni kijiji cha ujamaa upande wa Kaliua, tunalima tumbaku na mahindi. Nina miaka ishirini na mitatu. Shule niliishia darasa la nne, tena nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu zangu nimefika la tano. Sura ninayo, maneno ninayo, na kwa kucheza ngoma hakuna wa kunigusa kuanzia kwetu mpaka Kanyenye mjini. Kilichoniponza ni miguu.

Nieleze vizuri, maana najua humo mna wajuaji watakaosema ni malaria. Mchana miguu yangu mizima kabisa. Nikijinyoosha tu kitandani, inaanza. Si maumivu. Ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa, kule ambako huwezi kujikuna, na hawatulii mpaka usimame utembee. Juu ya hiyo weka kiuno changu, kilichoharibika siku nilipoanguka na mzigo wa kuni za bani, lile banda tunalokaushia tumbaku. Mwaka wa tatu huu kinauma kila siku. Kiuno kinataka nilale, miguu inataka niamke, na mimi niko katikati yao kama mtoto wa wazazi wagomvi. Nimepaka mafuta ya nyonyo, nimeloweka miguu kwenye maji baridi, nimejifunga vitambaa. Mganga wa zahanati alinipa aspirini, akaniambia nipunguze kuwaza wasichana. Kiuno kikapoa kidogo. Miguu ikaendelea na safari zake.

Zamani tulipokaa mbalimbali porini, hakuna aliyejua. Nilizunguka shamba letu mpaka alfajiri, wa kuniona ni fisi. Tulipohamia kijijini, nyumba zikapangwa mistari, jirani akikohoa unaweza kumpa pole bila kuinuka. Wakaanza kuniona. Vijana wenzangu waliponiuliza naenda wapi kila usiku, nijibuje? Niseme siafu? Nikacheka, nikawaambia mstari wa tatu si wote wanaolala. Wakaniita Injini. Jina nikalipenda, siwafichi.

Sasa, mstari wa tatu anakaa mgambo mmoja mwenye roho mbaya na wivu wa kumwonea hata jogoo. Akamwaga majivu mlangoni kwake kabla ya kwenda lindo. Asubuhi akakuta nyayo zangu, na kidole gumba changu kimepinda, hakuna mwingine mwenye nacho. Nilikuwa nimepita tu. Mlango wake uko kwenye mzunguko wangu. Siku hiyohiyo nikaitwa kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye, ili mjue nina bahati gani, ndiye baba wa msichana niliyemposa, Kalunde (jina si lake). Nikampa shikamoo, hakuitika. Watu wamejaa kama wamekuja kwenye ngoma.

"Ulifuata nini mlangoni kwa mwenzako?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamtazama mama. Akatikisa kichwa, taratibu sana.

Kwetu, ukipeleka posa, upande wa mke hutuma watu kuuliza nyumba yenu ina ugonjwa gani. Mama alipoulizwa alijibu hakuna, mbele ya mashahidi. Na mama yangu huyo, tangu nimjue, hajalala usiku mzima. Miguu hii ni yake. Yeye aliitoa kwa babu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pembe kutoka Ujiji, watu wakimsifu kwamba hata kambini usiku hachoki kutembea. Sifa gani hizo. Mdogo wangu wa kike naye ameanza kupiga mateke kwenye mkeka, na bado hajaposwa.

Basi nikafanya ninachokiweza. Nikajibu, "Mzee, mwanamume hatangazi anakopita usiku."

Wapumbavu wawili wakacheka. Balozi akasema posa yangu ataijibu shauri likiisha, na shauri litasikilizwa mwenyekiti akirudi kutoka semina mjini. Mgambo hakungoja semina. Jioni ile alimpiga mkewe, sasa anamwambia kila mtu kwamba siku ya shauri nisiposema nilifuata nini mlangoni kwake, atampandisha treni arudi kwao Bukene, na watoto watabaki. Mwanamke mwenyewe sijawahi hata kumgusa mkono. Kabla ya haya alikuwa akiniita kibwengo kwa jinsi nilivyokuwa nikiranda.

Juzi alinifuata kisimani, jicho limevimba. Hakunitukana. Alisema, "Wewe unajua ulikuwa wapi. Mimi nina watoto wawili." Akajitwika ndoo, akaondoka. Kalunde alikuwepo, akageukia upande wa pili.

Nikaenda kumwambia mama kwamba nitasema kweli. Alikuwa anajifunga vitambaa miguuni. Akamaliza mguu wa pili, ndipo akasema, "Sema, mwanangu. Ila sema ni yako peke yako."

Nyie mnaonicheka, chekeni, ila mkimaliza mnipe akili. Nikisimama pale niseme sikufuata mke wa mtu, nilikuwa natembeza miguu, nani ataniamini? Mdomo uliojisifu ni huu huu. Mgambo ataniuliza ni ugonjwa gani huo usioonekana mchana, na kijiji kizima anayeweza kujibu ni mama yangu tu, naye ndiye aliyesema mbele ya mashahidi kwamba kwetu hakuna ugonjwa. Kumtaja ni kumfanya mwongo mbele ya wakwe, na mdogo wangu ataolewa na nani tena? Kutomtaja ni kumwacha mke wa mgambo apande treni kwa ajili ya nyayo zangu.

Mwenyekiti anarudi baada ya wiki mbili. Mwenye mama na mwenye watoto wajibu kwanza, wajuaji wa malaria wasubiri: nimsimamishe mama yangu, au ninyamaze?