Saini ya Rula

Mume wangu anaitwa Rula kwa sababu hajawahi kutumia rula. Mafundi wengine wa mabango hupiga mistari kwa uzi na penseli kabla ya kugusa rangi. Yeye alikuwa akisimama mbele ya ukuta, anafumba jicho moja, anavuta brashi kutoka pembe hadi pembe, na mstari unatoka umenyooka. Zahanati, shule, vinyozi, milango ya malori: nusu ya mji inasoma mkono wake bila kujua. Chini ya kila bango, pembe ya kulia, aliweka saini yake na mwezi wa kazi. Mkia wa herufi ya mwisho ulirudi nyuma chini ya jina lote na kuishia kwenye nukta. Nilikuwa namtania kwamba ana watoto wawili na mkia mmoja, na anayependwa zaidi anajulikana.

Mimi ndiye mchanganya rangi wake. Miaka kumi na tisa nimeshika makopo, nimejaza herufi alizozichora yeye, na kazi ikiisha nimejifunza mkono wake kwenye vipande vya mbao mpaka nikaujua. Hakuwahi kunisifu. Akiangalia kazi yangu alisema, "Si mbaya," akaenda zake kunawa mikono.

Siku ya ajali tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu na pikapu yetu, makopo yakiwa nyuma. Gari la kusambaza soda likatugonga kwa nyuma. Kichwa cha Rula kilikwenda mbele kikarudi, na rangi nyeupe ikamwagika barabarani. Mimi nilitoka na michubuko tu. Yeye akashuka akicheka, akamwambia yule dereva kwamba kama alitaka kivuko cha waenda kwa miguu angesema tu, tungemchorea vizuri.

Kesho yake shingo ilikataa kugeuka. Wiki ya tatu vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, kisha mkono ukawa unatetemeka kila akishika kitu chembamba. Daktari akaandika kwamba mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, na kwamba bila upasuaji mkono huo hautarudi kwenye brashi. Fedha za upasuaji hatukuwa nazo. Tegemeo letu lilikuwa moja tu, fidia kutoka bima ya lile gari la soda.

Hapo ndipo ukaidi ulipoanza. Shingo haikuwa siri, kola aliyovalishwa hospitali ilionekana. Lakini habari za mkono Rula hakutaka mtu azijue. "Wateja wakijua, tumekwisha," alisema. Basi tukawa tunafunga geti, mimi nachora, yeye amesimama nyuma yangu anaelekeza, na kila bango linatoka na saini yake, mkia na nukta, kwa mkono wangu. Bango la duka la dawa la njia panda watu walisema ni zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Alipokea pongezi zote na kola yake shingoni. Wanaposema mtu kufa na tai shingoni, nadhani walikuwa wanamsema mume wangu.

Siku ya kujaza fomu ya madai alieleza kila kitu vizuri, mimi nikiandika. Ilipofika mahali pa saini akajaribu kwanza kwenye gazeti. Ilitoka imepinda kama njia ya siafu. Akajaribu mara tano, mara sita, kisha akanisukumia kalamu.

"Weka wewe."

"Hii ni fomu ya bima, baba watoto. Siyo bango."

"Siwezi kuweka takataka hii kwenye karatasi ya watu. Weka."

Nikaweka. Nilijua ni makosa, na bado niliona raha kidogo ilivyotoka vizuri. Hilo ndilo lililonikasirisha baadaye kuliko yote.

Baada ya mwezi na nusu wakatuita ofisini. Ofisa wa madai alikuwa dada mmoja mwenye miwani na sauti ya taratibu, na sauti ya namna hiyo ndiyo mimi huiogopa. Aliweka fomu yetu mezani.

"Mzee wangu, ripoti inasema mkono wako wa kulia hauwezi kushika brashi. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na saini hii ni yako?"

Yule dada akaweka picha juu ya fomu. Bango la duka la dawa, limepigwa kwa karibu: saini, mkia, nukta, na mwezi wa kazi. Miezi miwili baada ya ajali. Tuliandika mwezi kwa mazoea tu, kama tulivyoandika kwa miaka yote, na hakuna aliyetuchongea ila sisi wenyewe.

"Sasa niambie, mzee wangu. Mkono unaotetemeka ndio uliochora hivi?"

Akatoa karatasi nyingine.

"Mkisaini hapa, tunalipa matengenezo ya gari na dawa mlizokwisha kununua, na madai yote yanaishia leo. Msiposaini, faili linakwenda kwa wanasheria wetu. Wataliita udanganyifu."

Kusaini ilikuwa ni kuuaga ule mkono. Kusema ukweli ilikuwa ni kukiri kwamba nimeghushi, na mji mzima kujua kwamba Rula hachori. Nilifungua mdomo. Rula akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, kisha akachukua kalamu na kuisogeza kwenye ile karatasi ya kumaliza madai.

Nikamwelewa. Angeona afadhali apoteze mkono kuliko uonekane. Damu ilinichemka, nilitamani kumzaba kofi mbele ya yule dada. Ncha ya kalamu ilifika kwenye mstari na kuanza kugonga karatasi, tik tik tik, haitulii. Alijaribu kuizuia kwa mkono wa kushoto. Ilizidi. Sote watatu tuliisikia.

Akainua kalamu. Aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, naomba karatasi tupu."

Akaandika jina lake. Ilimchukua muda, na ilikuwa mbaya, mkia ulikatika njiani na nukta ikaangukia kwingine. Akanisogezea kalamu bila kuniangalia.

"Na wewe."

Nikaandika jina hilohilo chini yake. Ikatoka ileile ya kwenye fomu na kwenye picha.

Yule dada alivua miwani. "Fomu ulisaini wewe, mama?"

"Mimi. Na mabango yote tangu ajali."

"Nilimwagiza mimi," Rula alisema. "Kama kuna kesi, ni yangu."

"Siwezi kulificha hili. Nitaliandika kama mlivyosema, na daktari wetu atakupima mwenyewe." Aliirudisha ile karatasi ya kumaliza madai kwenye droo, akatoa fomu mpya. "Saini hapa, mzee wangu. Kwa mkono wako."

Akasaini.

"Hii ndiyo saini yako?"

"Kwa sasa ndiyo hiyo."

Daktari wao alimpima mara mbili, sisi tukapewa barua ya onyo kali, na baada ya miezi mitano fidia ikatoka, ya kutosha kwa upasuaji. Vidole vitatu vimerudi. Viwili bado vinajifikiria.

Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tulishuka ngazi za ile ofisi polepole, yeye akishika ukuta kwa mkono wa kushoto. Katikati akasimama.

"Mkia wako umeushinda wangu," alisema. "Tangu lile bango la duka la dawa. Niliona, nikanyamaza."

Miaka kumi na tisa nimelisubiri neno hilo. Nililia palepale kwenye ngazi, watu wakipita, maana nilikuwa tayari kuambiwa "si mbaya" maisha yangu yote, mradi mkono wake utulie.