Uji wa Mama Hiro

Aurelia, mama yake Hironimus, alikuwa na udhaifu mmoja ambao pale Ruhuwiko kila mtu aliujua: hakuweza kumwona mtu mwembamba akanyamaza. Pita mbele ya nyumba yake na mashavu yaliyobonyea, utaitwa. "We mtoto, njoo hapa. Kwenu hawapiki?" Kabla hujajibu, kikombe cha uji kiko mkononi mwako, cha moto, na utasimamiwa mpaka ukimalize.

Uji wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulikuwa uji wa lishe, na unga wake alikuwa anautengeneza mwenyewe kuanzia kuosha nafaka, kuzianika, kuzikaanga kidogo mpaka zinukie, halafu ndoo kichwani hadi mashineni kwa Muhsini. Mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, na vikorombwezo alivyofundishwa na marehemu mama yake. Mwanamke akijifungua, Mama Hiro anaitwa. Mzee akitoka kulazwa, Mama Hiro anatangulia na birika. Hironimus, ambaye leo ni fundi umeme mwenye mabega ya kubebea magunia mawili, ni kazi ya uji huohuo.

Sasa mfikirie mwanamke wa namna hiyo, halafu apewe mkwe anayekonda.

Lidwina aliolewa hapo mwaka juzi akitokea Namtumbo, binti mcheshi, amejaa vizuri, anacheka mpaka majirani wanacheka bila kujua sababu. Miezi sita haikupita akaanza kuisha. Tumbo linajaa, anaharisha, anachoka kwa kufagia uwanja tu. Wakapima malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Minyoo, vidonda vya tumbo, dawa zikajaa mfuko mzima. Na kadiri Lidwina alivyokonda, ndivyo Mama Hiro alivyokazana na uji. Kila asubuhi, kikombe kikubwa chenye maua mekundu, na yeye amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Maliza, mwanangu. Hiyo ndiyo dawa."

"Namaliza, mama."

Na kweli alikuwa anamaliza.

Lakini kulikuwa na jambo moja baya. Kila Lidwina alipokwenda kwao Namtumbo, alipona. Wiki mbili za ugali, mihogo, kunde na togwa ya mama yake, anarudi anang'aa. Wiki mbili za Ruhuwiko, kanyauka tena.

"Kwao anapona, huku anaumwa," Mama Saimon wa nyumba ya pili alisema siku moja bombani, akijifanya anaongea na ndoo yake. "Mimi simtaji mtu. Nasema tu."

Hamtaji mtu! Watu wa aina hii hawamtaji mtu hata siku moja, wanakuachia wewe umtaje. Na mtaa ukamtaja. Aurelia aliligundua hilo siku ya jumuiya, walipokutana kusali nyumbani kwa mwenyekiti. Alikuwa amepeleka birika la uji kama kawaida yake. Sala ikaisha, vikombe vikapita, huyu kashiba, yule kafunga, mwingine jino linamuuma. Birika likarudi nyumbani zito kama lilivyokwenda. Miaka ishirini na mbili anapeleka birika jumuiya, halijawahi kurudi na uji. Siku ile alifika nyumbani akaketi jikoni na kanga usoni, akalia.

Uchungu uliomkata maini haukuwa wa Mama Saimon. Mama Saimon na mdomo wake aende zake. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa kimoja: Je, Lidwina naye anaamini? Angemuulizaje? Unamuulizaje mke wa mwanao, "Eti na wewe unadhani nakuroga?" Akabaki nalo moyoni.

Mwishowe Hironimus akampeleka mkewe kwa daktari mwingine, kijana mtaratibu, asiyekuandikia dawa kabla hujakaa. Aurelia alifuatana nao. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa kupimwa mbali, na jibu liliporudi daktari aliwaita wote watatu.

"Mwili wake haupatani na ngano," akasema. "Kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya donge la chapati livutike. Kwako wewe mama hakina neno, lakini kwake kinamchubua utumbo. Aache kabisa. Akiacha atapona, na mtashangaa."

Ngano! Aurelia nusura apige vigelegele mle ofisini. Basi si mtu! Ni ngano!

"Na asubuhi unakunywa nini?" daktari akamuuliza Lidwina.

"Uji."

"Uji ni safi kabisa. Endelea na uji."

Kwetu ukisema uji, mtu anaona mahindi. Daktari aliona mahindi. Aurelia aliona lishe. Wakaagana wakicheka.

Nyumbani Mama Hiro akaanza msako. Chapati marufuku. Maandazi, mkate, keki ya kipaimara cha jirani, biskuti, vyote nje. Tambi zilileta ubishi. "Tambi si ngano, tambi ni tambi," akang'ang'ania, mpaka Hironimus akamsomea maandishi ya kwenye pakiti, akatulia kwa shingo upande. Kumbe na soseji hutiwa ngano. Kumbe mchuzi mzito wa mgahawani umekorogewa unga. Kumbe chipsi za stendi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. "Hii ngano ina mambo ya kichinichini," akasema, na alisema kwa furaha, kwa sababu sasa adui alikuwa na jina na jina hilo halikuwa Aurelia.

Lidwina akapata nafuu kidogo. Alicheka mara moja, cheko lake lile la zamani. Na Mama Hiro, kwa furaha, akafanya nini? Akaongeza uji. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha saa kumi jioni.

Mwezi haukuisha, Lidwina akashindwa kuinua ndoo ya maji.

Basi mtaa haukuwa na haja tena ya kunong'ona. Ngano imeachwa na mtoto wa watu bado anaisha, sasa mlitaka ushahidi gani? Habari zikapanda basi zikafika Namtumbo. Shangazi Kandida, dada wa baba yake Lidwina, akapiga simu: Jumamosi anakuja kumchukua binti yake, na safari hii asisikie habari ya kurudi. Hironimus akawa anatembea kama mtu aliyefiwa. Jumatano Aurelia alipita mlangoni mwa chumba chao, akaona begi limefunguliwa juu ya kitanda na vitenge viwili ndani. Alikwenda akaanza kuosha nafaka. Kama mtoto anaondoka, angalau aondoke na unga wake.

Alhamisi asubuhi akaitua ndoo yake mashineni.

"Shikamoo, Mama Hiro," Muhsini alimwamkia, huku akijipangusa unga kwenye kope. Muhsini ni mtu wa Tunduru, amesaga pale miaka mingi, na anajivunia jambo moja: anazijua nafaka za kila mteja kwa kuziangalia tu.

"Marahaba, mwanangu. Nisagie vizuri, unga huo una safari."

Muhsini akaingiza mkono kwenye ndoo, akazichota, akaziacha zidondoke vidoleni. Akakunja uso.

"Mama, leo umepunguza kitu."

"Nimepunguza nini? Hebu saga."

"Wallahi umepunguza. Kile kikombe chako cha siku zote hakimo."

"Aa, hiyo ngano imeniishia, yule mama wa Mbinga hajaleta sokoni wiki hii na..."

Akaitazama ndoo.

Muhsini alisema baadaye kwamba alidhani presha imempanda. Mama Hiro alikaa juu ya gunia la pumba la mtu mwingine kabisa.

"Mama, vipi? Nikuletee maji?"

"Muhsini," akasema polepole, "ngano ikiwa ndani ya uji, bado ni ngano?"

Muhsini akamtazama. "Sasa mama, ikiingia kwenye uji inabadilisha dini?"

Msimcheke Aurelia. Yeye ngano ya daktari aliijua kuwa ule unga mweupe wa pakiti, wa chapati na keki, vitu vya starehe. Hizi punje alizonunua kwa vikombe, akaziosha na kuzikaanga kwa mkono wake kama mama yake alivyomwonyesha, hakuwahi kuziita ngano moyoni. Zilikuwa lishe. Alipekua makabati yote, akabishana na tambi, na ndoo yake mwenyewe hakuifunua.

Njiani kurudi, moyo ulimpa njia rahisi. Nyamaza. Pika uji bila ngano, mpe huo unga aende nao, atapona, nani atajua? Maana akisema, atakuwa amesema nini? Kwamba ni kweli. Kwamba kilichokuwa kinammaliza yule binti kilitoka mkononi mwake, asubuhi na jioni, kwenye kikombe chenye maua. Mama Saimon angeoga, avae, aje kusikiliza.

Lakini akinyamaza, Jumamosi Lidwina anapanda basi akiamini. Na hilo Aurelia hakuliweza.

Alimkuta kibarazani, juu ya kigoda, anapukuchua kunde. Akatua ndoo, na badala ya kuvuta kigoda akakaa chini, kwenye sakafu, miguu ameinyoosha. Lidwina akashtuka, maana mama mkwe hakai chini wewe ukiwa juu. Akataka kushuka.

"Kaa hapohapo," Aurelia akasema. "Mwanangu, ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Ni mimi ninayekuumiza. Uji wangu una ngano. Tangu siku uliyoingia humu. Kikombe kizima kwa kila ndoo. Sikujua. Naapa mbele ya Bikira Maria, sikujua. Nilikuwa nakuongezea ili upone."

Kunde mkononi, Lidwina akaangalia ndoo, akamwangalia mama mkwe wake. Halafu mabega yakaanza kumtetemeka, na Aurelia akafumba macho kusubiri kilio.

Hakikuwa kilio. Lilikuwa cheko, lile lile la Namtumbo, dhaifu bado lakini lile lile, likatoka mpaka machozi yakamtiririka na kunde zikamwagika uwanjani.

"Uji!" akasema. "Mama, kumbe uji! Kwa hiyo mimi nitapona! Mama, nitapona!"

Akateremka kwenye kigoda, akamkumbatia pale chini, wakalia na kucheka mpaka kuku wakaja kula kunde na hakuna aliyewafukuza. Jioni Hironimus alipoambiwa, alikwenda nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Jiko lenyewe halikuwa limewashwa.

Ijumaa Aurelia alinunua ungo mpya na chekeche jipya, akasugua ndoo kwa majivu mara tatu. Muhsini naye akamsagia nafaka mpya kwenye mashine yake ya pili isiyopita kitu isipokuwa mahindi, na kwanza akasaga viganja viwili vya mahindi matupu ya kuisafisha, bila kuombwa. "Inshallah atanenepa mpaka mlango umshinde," akasema.

Lakini lile swali la moyoni lilikuwa bado palepale. Lidwina amefurahi kupona, sawa. Je, aliamini? Begi bado lilikuwa kitandani.

Jumamosi saa nne Shangazi Kandida akaingia, mwanamke wa miraba minne, mkoba begani, hakutaka hata kukaa. Aurelia alimwamkia, akamweleza yote tangu mwanzo, ngano, daktari, mashine, bila kujificha popote. Halafu akamimina uji mpya kwenye kikombe chenye maua, akakiinua kwanza mdomoni mwake mwenyewe, kama mtu anavyomwonjea mgeni kumtoa wasiwasi.

Lidwina akaudaka mkono wake.

"Usionje, mama."

Akachukua kikombe, akakigugumia chote palepale amesimama, akakigeuza juu chini kumwonyesha shangazi yake.

"Wewe mtoto!" Shangazi Kandida akafoka. "Si nilikwambia tangu mwaka jana usiuguse uji wa huyu mama? Si nilikwambia uumwage?"

"Uliniambia, shangazi. Na Mama Saimon aliniambia. Kila mtu aliniambia." Lidwina akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo maana nilikuwa namaliza. Kila siku, hata tumbo likiwa linanikata. Nilitaka mama akitazama kikombe akione kitupu, ajue mimi siyaamini maneno yao."

Aurelia akakitazama kile kikombe. Miezi yote ile alikuwa ameshika jibu mkononi, kikombe kitupu kila asubuhi, na alikuwa anakwenda kukiosha.

"Na begi?" akauliza. "Lile begi la kitandani?"

"Nilikuwa natafuta kitenge cha kushonea, mama."

Shangazi Kandida akatua mkoba, akavuta kigoda, akaketi. "Haya," akasema, "na mimi nimimineni."