Dhambi Niliyoambiwa Haina Msamaha

Kaka yangu alifariki sebuleni kwa mama, kijijini Kibirichia, akiwa amezungukwa na watu wa maombi. Alikuwa na homa ya mapafu. Walimwekea mikono tangu asubuhi, na alipokata roho saa nane mchana bado walikuwa wanaimba. Nikawaambia kwa sauti, mbele ya wote, kwamba huyo roho wanayemwita ni shetani, na ndiye aliyemuua ndugu yangu.

Wimbo ukakatika. Mhubiri aliyekuwa akiongoza akafunga Biblia yake, akaniambia taratibu, "Dada, hilo ulilosema halina msamaha. Si hapa, si huko tuendako."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baada ya mazishi nilirudi Embu kwenye kazi yangu ya ukarani, nikafungua Injili ya Marko nyumbani kwangu mtaa wa Majimbo. Mhubiri hakudanganya. Kweli imeandikwa kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hasamehewi milele. Sikusoma zaidi.

Kwa miaka kumi na moja niliendelea kwenda kanisani. Niliimba kwaya, nikafundisha watoto, lakini mkate na kikombe vilipoanza kupitishwa nilitoka nje kama mtu aliyepigiwa simu. Mume wangu aliuliza mara moja tu. Nikamwambia ni tumbo.

Aliyenigundua ni mama. Nilikuwa nimeenda kumsaidia kuvuna viazi, na Jumapili akaniona nikitoka. Kesho yake shambani, mimi nikichimba, yeye akiokota, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Unakimbia nini mezani pa Bwana?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Badala yake aliketi juu ya gunia, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Siku ile, kabla hujafika, jirani alileta gari tumpeleke hospitali. Nilimwambia asubiri maombi yaishe. Wewe ulikosa kwa mdomo. Mimi nilikaa nikamwangalia mtoto wangu akiisha, na gari liko mlangoni."

Nilishika mpini wa jembe kwa nguvu. "Na bado unashiriki meza?" Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyouliza kwa ukali.

"Nashiriki. Mwaka wa kwanza nilishindwa. Halafu nikasoma vizuri." Alipangusa udongo mikononi. "Wale walioambiwa neno hilo walikuwa wamewaona watu wakifunguliwa mateso yao, wakasema ni kazi ya shetani. Waliona mema wakayaita mabaya. Wewe ulimwona nani akifunguliwa? Ulimwona ndugu yako akifa. Na kabla ya hapo imeandikwa kwamba dhambi zote watu watasamehewa, hata kufuru. Wewe ulianza kusoma katikati."

"Na kama umekosea, mama?"

"Basi tutakuwa wawili."

Nikacheka, nikashangaa kwamba nacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akiniangalia kwa namna ambayo mzazi haangalii mtoto wake.

"Na wewe," akasema, "umenisamehe?"

Nilichimba mashina matatu kabla ya kumjibu. Nilifikiria lile gari. Nilifikiria pia jinsi alivyobaki na jambo hilo peke yake katika nyumba ile ile, akifagia sebule ile ile kila asubuhi. Nikasema ndiyo, na nilipolitamka ndipo nilipojua ni kweli. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuokota.

Niliomba ruhusa kazini nikakaa hadi Jumapili iliyofuata. Kikombe kilipofika kwetu, mama alikishika pamoja nami. Nilikunywa haraka, kama dawa.

Mstari ule bado haujafutika, na kuna siku hunipa baridi. Siku hizo nausoma kuanzia juu, wote. Lakini Jumatatu ile, nikisubiri gari la Embu pale Makutano, nilinunua mahindi ya kuchoma nikayala yote nimesimama, kisha nikalala safari nzima.