Pampu Iliyochoka Mbele ya Watu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja pale Kibaha, Mkuu wa Karakana alinikabidhi gari lisilowaka pamoja na mita ya kupimia umeme, akaniambia nimtafutie ugonjwa. Nikakimbilia betri. Mita ikasoma volti kumi na mbili na ushee, nikasimama wima na kutoa taarifa kwamba umeme upo wa kutosha. Mzee yule alikuwa na namna yake ya kucheka bila kutoa sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Alipomaliza akasema, "Binti, ukitaka kujua kama wageni wameshiba, usiende kuuliza jikoni. Pima pale umeme unapofanya kazi."

Nikapima upya kwenye starta, huku mwenzangu akizungusha ufunguo, na umeme uliofika kule ulikuwa wa kuombea dua. Kutu ilikuwa imekula kiungo katikati ya njia. Kwa maneno yale ya Mkuu wa Karakana nimekula mshahara mpaka nimestaafu, na vijana wanaonijia leo na simu zao zenye kila kitu, bado nawaanzia hapo hapo.

Baadaye nilipelekwa Ruvu, kwenye mashine za kusukuma maji. Msimamizi wa Zamu alikuwa mtu mkavu, asiyetaka kusikia neno "nadhani" likitamkwa karibu na mashine. Kule ndiko nilikoielewa presha. Bomba likiwa jembamba na njia ikiwa ndefu, maji hutoka mtamboni kwa kishindo na kufika mwisho yamenyong'onyea, na ukifungua koki nyingine njiani, yananyong'onyea zaidi. Siku moja nikiwa nimeshika koki nikatambua kwamba waya nao ni bomba. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu, nikaona nimezijua kazi mbili kwa mpigo mmoja.

Kisha akaja Meneja wa timu moja ya magari ya mashindano, akitafuta fundi umeme. Gereji yake ilikuwa Maili Moja, na mashindano yenyewe yalikuwa kwenye vilima vya Kisarawe, barabara ya udongo mwekundu inayopanda na kukata kona katikati ya mikorosho. Ndugu zangu walisema nimepotoka, naacha kazi ya heshima na kwenda kwa wahuni wa moshi. Nikawaambia heshima iko mikononi mwa anayefanya kazi, nikaenda.

Gari lilikuwa dogo, lakini injini yake ilikuwa imefungwa tabo, kifaa kinachoisukumia hewa kwa nguvu. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke, la sivyo injini huchemka ndani kwa ndani mpaka pistoni zikatoboka. Petroli hiyo huletwa na pampu ya umeme iliyo ndani ya tenki. Volti zikishuka, pampu huzunguka polepole, na presha ya mafuta hushuka nayo. Mnyororo ni huo tu.

Dereva wetu aliitwa Sudi, kijana aliyetolewa kwenye lori la mchanga kwa sababu ya mikono yake mizuri kwenye usukani. Tukilijaribu gari kwenye barabara za Janga, kati ya mashamba, lilikuwa linaruka kama swala. Tukienda Kisarawe kushindana, likifika kwenye kijiji kimoja mlimani, pale watu wanapojaa pembeni kushangilia, linakata pumzi. Likishakipita kijiji, linapata nguvu tena. Hali hiyo ilijirudia kila tuliposhindana, na kila mara mbele ya watu.

Minong'ono ikaanza kwamba gari limefungwa kichawi, na mafundi wenzangu wawili waliacha kabisa kunywa maji ya kijiji kile. Fundi Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa minong'ono, akaamua pampu ni ndogo, tukafunga kubwa zaidi. Hali ikawa mbaya maradufu. Hapo Meneja akatuita wote akatamka bila kupaza sauti, "Likifa tena Kisarawe, naliuza. Na Sudi atarudi kwenye lori lake." Sudi alitazama viatu vyake tu. Moyo uliniuma, maana kijana yule alikuwa amezaliwa kwa ajili ya kiti kile.

Nikaomba nipande naye mlima kabla ya mashindano. Nilivuta nyaya kutoka kwenye pampu yenyewe mpaka kwenye mita niliyoipakata, na geji ya presha nikaifunga mbele ya kioo. Tukapanda kwa kasi, mimi nikisoma dua zote ninazozijua. Volti zilitulia, presha ilitulia. Kwenye kona ya kijiji akatokea mzee mmoja anakokota baiskeli iliyosheheni mihogo. Sudi akawasha taa zote za mbele, zikiwemo kubwa za nyongeza, akaibana honi bila kuiachia. Mita ikaporomoka hadi kumi, sindano ya presha ikalala, injini ikakohoa.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe uchawi wote ulikuwa adabu ya Sudi. Kule Janga barabara ilikuwa tupu, hakuwa na wa kumpigia honi. Nilipofungua nyaya nikakuta fundi aliyenitangulia amezipa taa za nyongeza na honi umeme kutoka kwenye waya uleule mwembamba wa pampu. Pampu kubwa ilipokuja, yenye kiu zaidi, ikazidi kunyang'anyana umeme na wenzake.

Meneja aliposikia, alifurahi akasema dawa ni rahisi, Sudi asiwashe taa wala asipige honi. Sudi akainua uso, kwa mara ya kwanza nikamsikia akimkatalia mkubwa wake. "Bosi, wale ni watu, wana watoto. Siwezi kuwapitia kimya. Bora unirudishe kwenye mchanga." Nikamwambia Meneja kwamba gari lisiloweza kuonya watu halifai kukimbia, na kwamba naomba niachiwe nilitengeneze mimi. Akakubali.

Nikaipa pampu njia yake yenyewe. Nilivuta waya mnene kutoka betri, nikaweka fyuzi jirani kabisa na betri, maana waya ukichunika njiani bila fyuzi ni moto. Nikafunga rilei, ile swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ipitishe mkubwa, na nikahakikisha injini ikizimika pampu nayo inazimika. Waya wa kurudisha umeme nao nikaupa mahali pake kwenye bodi ya gari, baada ya kuikwangua rangi mpaka chuma king'ae. Taa na honi nikazihamisha kwenye njia nyingine.

Tukawasha. Volti zilikuwa nzuri ajabu, lakini gari likatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Pampu iliyoshiba ilikuwa inaleta mafuta mengi, na mpira wa kurudisha kwenye tenki yale yanayobaki ulikuwa bado ule mwembamba wa zamani, kwa hiyo presha ilipanda kupita kiasi injini ikiwa inazunguka polepole tu. Fundi Mkuu akauona kabla yangu, tukaubadilisha pamoja, na sindano ikashuka ikasimama pale tulipotaka. Alinipa mkono wenye grisi, nami nikaupokea kwa furaha.

Siku ya mashindano sikukaa kwenye mstari wa kumalizia. Nilikwenda kusimama kijijini, karibu na yule mzee wa mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama lile gari linalokufa litakuja. Nikamwambia litapita. Tukalisikia kabla ya kuliona. Sudi aliikata kona taa zote zikiwaka mchana kweupe, honi inalia moja kwa moja, na injini chini yake ikiimba vilevile, bila kushuka hata kidogo. Nililia pale pale mbele za watu wala sikujifuta. Tulishinda, na Meneja akatangaza juu ya boneti kwamba gari haliuzwi.

Siku hizi nimestaafu, nyumbani kwangu si mbali na Maili Moja. Vijana wana vifaa vinavyopandisha na kushusha volti za pampu vyenyewe kadiri injini inavyohitaji, na navipenda, siwaonei wivu. Nawaambia tu wapime kwenye pampu, kila kitu kikiwa kimewashwa, kama dereva anavyoendesha kweli.

Sudi sasa ndiye anayefundisha madereva wa timu. Kila wakielekea Kisarawe, hupita kwangu kwanza, Sudi anapunguza mwendo langoni, anawasha taa zote na kuibana honi. Majirani hufunga madirisha wakilalamika. Mimi hutoka barazani, nikainamisha kichwa, nikaisikiliza injini.